Kamera ya 48MP kwa Sh7,999? Uliza Kwanza, PIN Baadaye

Tangazo lenyewe unalijua. Linapita kwa Facebook na TikTok, hasa msimu wa harusi na wa mahafali ukikaribia: kamera nyeusi inayofanana na zile za wapiga picha wa magazeti, na kando yake maandishi makubwa. 48MP. 4K. Zoom 16x. Kadi ya GB 32 bure. Bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu, bei ya leo ni Sh7,999, na chini kabisa kuna namba ya kulipia.

Tunataka kuongea juu ya hiyo 48MP. Sisi hatuuzi kamera, lakini pesa inapitia kwetu, na mteja akifungua boksi akapata picha ni za ukungu, mara nyingi anatupigia sisi kwanza: nirudishieni pesa yangu. Hapo ndipo kuna shida, kwa sababu hakuibiwa kwa ile njia tumezoea kuwaonya watu. Namba aliyolipia ilikuwa sahihi. Jina lilitokea sawasawa. Mtu wa boda alileta mzigo siku waliyokubaliana. Kamera inawaka na inapiga picha. Kilichokuwa cha uongo ni namba iliyoandikwa kwa boksi, basi.

Kwa maoni yetu huu uongo ni mbaya kuliko ule wa muuzaji hewa. Mwizi akipotea na pesa, kila mtu anaelewa ni wizi. Huyu mwingine anabaki mtandaoni akiendelea kuuza, na ukimlalamikia anakuuliza: si kamera ulipata?

Basi tuiangalie hiyo namba. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Ndani ya kamera kuna sensa, kile kipande kidogo kinachopokea mwanga, na nukta zilizo kwenye sensa ndizo kamera inazoona kikweli. Kwenye nyingi ya hizi kamera za bei poa, sensa ni ya megapikseli chache, 5, 8 au 13, na saizi yake ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Kutoka hapo, programu iliyo ndani ya kamera inabuni nukta nyingine katikati ya zile za kweli kwa kukisia kutoka kwa majirani zake, hadi faili ifike 48. Ni muuza maziwa anayeongeza maji. Mtungi umejaa kweli, lakini ng'ombe alitoa yale yale ya asubuhi.

Na ukitaka kujua vile megapikseli peke yake si kitu, angalia Sony A7S III, kamera inayotumiwa na watu wanaorekodi video kwa kazi. Ilipotoka mwaka wa 2020 iliuzwa dola 3,499 Marekani, mwili peke yake bila lenzi. Ina megapikseli 12. Kumi na mbili tu! Bei yake inatokana, kati ya mengine, na sensa kubwa ya karibu milimita 36 kwa 24, inayoweza kuona hata kwenye ukumbi wenye giza.

Hiyo 4K nayo ina hesabu yake. Picha moja ya video ya 4K ni nukta 3,840 kwa 2,160, yaani karibu milioni 8.3. Sensa ya megapikseli 5 haiwezi kutoa 4K ya kweli hata ukiiombea. Inavuta tu picha ndogo iwe kubwa.

Zoom ndiyo inatukasirisha zaidi, kwa sababu watu wengi huinunua kamera kwa ajili yake, ili wapige picha ya mtoto akiwa jukwaani. Kuna zoom ya lenzi, ambapo vioo vinasogea, na kuna zoom ya kidijitali, ambapo kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Ile 16x ya tangazo kwa kawaida ni hii ya pili. Ukikata mara 16 kwa upana na mara 16 kwa urefu, unabaki na sehemu moja kati ya 256. Hata kama tungekubali kwamba 48MP ni ya kweli, zingebaki nukta 187,500. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapishwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji karibu nukta 220,000. Kwa hivyo umevuta mtoto karibu, na umebaki na picha ambayo haitoshi hata pasipoti. Na kama sensa ni ya 8, zinabaki nukta 31,250.

Kuna watu watasema, sawa, kwa Sh7,999 mtu alitarajia nini? Hatukubaliani nao. Kamera ya kuchezea kwa bei ya kamera ya kuchezea ni biashara halali, na mtoto wa darasa la tano ataifurahia. Andika kwa boksi "8MP, ya watoto na wanaoanza" na sisi hatuna neno. Tatizo ni yule kijana aliyechukua mkopo wa simu, au aliyepewa pesa na chama, akiamini ananunua kifaa cha kazi. Ameshachukua deposit ya ruracio ya Jumamosi. Picha zinatoka na chengachenga kwa sababu ndani ya hema mwanga ni kidogo. Sasa ana deni la mkopo, ana deni la mteja, na jina lake kwa kijiji limeharibika. Hiyo si hasara ya elfu nane.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja kwa maandishi, kwa WhatsApp au inboksi: sensa yenyewe ni ya megapikseli ngapi, bila kuongezwa na programu? Mwenye duka anayejua mali yake atakujibu. Anayekwepa kwa kukwambia "original boss, quality safi" naye amekujibu. Soma pia maandishi madogo ya maelezo ya bidhaa, na ukiona neno "interpolated" au "interpolation" karibu na namba kubwa, ujue ni yale maji ya kwenye maziwa.

Halafu omba picha iliyopigwa na hiyo kamera, ndani ya nyumba, bila flashi. Aitume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza picha za kawaida. Usihangaike kuangalia namba ya megapikseli kwenye faili. Itasoma 48, kwa kuwa kamera yenyewe ndiyo iliyoandika hivyo. Ikuze hadi uone nywele au maandishi ya gazeti. Nywele zikionekana kama rangi iliyopakwa kwa brashi, hizo nukta ni za kukisia. Kama uko Nairobi, shuka tu Luthuli Avenue uijaribu kwa mikono yako, ulipe ukiwa hapo kaunta. Ulio mbali, sisitiza kulipa ukipokea, na uijaribu kabla mtu wa boda hajaondoka.

Sheria iko upande wako, ingawa inaenda polepole. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai bidhaa ina uwezo ambao haina, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya matangazo ya uongo. Ila bila ushahidi utakuwa unaongea tu. Piga skrinshoti ya tangazo siku unayolipa, kwa sababu kesho linaweza kubadilishwa. Usifute SMS ya malipo: ina jina, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Ukiweza, lipa kwa till yenye jina la duka, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kwa upande wetu, huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Tukianza kuvuta pesa kutoka kwa akaunti ya muuzaji kila mnunuzi akisema hakuridhika, mama mboga anayelipwa kwa simu hatalala. Tunachoweza kukupa ni taarifa kamili ya muamala, uiombe kupitia huduma kwa wateja, uiambatishe kwenye malalamiko yako pamoja na ile skrinshoti.