Usihamishe kodi ya mishahara kwa jumla

Mfanyabiashara wa Kinondoni au Temeke anayebadili programu ya hesabu, tuseme kutoka Tally kwenda QuickBooks, hushawishika kuhamisha jumla tu ya PAYE. Huo ni ubahili wa hatari. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu miaka 5, na mkaguzi wa TRA anaweza kudai mshahara na makato ya kila mfanyakazi, mwezi kwa mwezi. Jumla haitamjibu.

Heri kubadili Januari, mwaka wa PAYE unapoanza. Chapa kumbukumbu za zamani, kisha linganisha programu zote mbili na stakabadhi za malipo ya kila mwezi. Muuza programu amaliziwe fedha zake hesabu zikishaoana. Faini ikija, italipwa na mwajiri, si yeye.