Hiyo && || yako si if-else

Wasee, niseme tu. Nimechoka na hizi skripti za bash za mstari mmoja mnazoposti mkisema "cheki vile ni fupi". Mstari wenyewe huwa hivi:

lipa && andika || lipa_tena

Ukiuliza unaambiwa: "Ni if-else tu. Ikilipa, iandike. Ikikataa, ilipe tena." Zii. Sivyo inavyofanya kazi.

Chukua chama. Skripti inamtumia mwanachama shilingi 5,000, pesa inaenda. Halafu inajaribu kuandika kwa daftari, lakini diski imejaa, kuandika kunafeli. Sasa bash inafika kwa ||. Unadhani itakumbuka lipa ilifaulu? Haina habari. Inaangalia tu amri iliyofanyika mwisho ilirudisha nini: 0 ni kufaulu, namba nyingine yoyote ni kufeli. Hiyo imefeli, kwa hivyo mtu huyo huyo analipwa mara ya pili. 10,000. Enda ukamwelezee mweka hazina.

Sisi wa Kiambere hii kitu ingetuingia haraka. Tana inapitia Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma ndio ifike kwetu, bwawa la mwisho kati ya hayo matano. Maji yakifika hapa hayaji na risiti ya kusema yaliachiliwa wapi. || iko hivyo hivyo. Inapokea kufeli kutoka juu, na kama kumetoka kwa lipa ama kwa andika, haijali.

Na nyinyi wa C msijifanye mko salama. Huko kwenu && hushika kabla ya ||. Kwa bash ziko ngazi moja, zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Sikatai kila kitu. Hii naipenda:

cd data || exit 1

Ningetaka kila mtu aiandike kabla ya rm. Opereta moja, maana moja: folda ikikosekana, toka. Bila hiyo, cd ikikataa, rm inafuta chochote kilicho pale ulipokuwa umesimama. Hata watu wa Perl na "or die" yao sina shida nao. Shida inaanza mkiunganisha && na || halafu mnaziita else.

"Lakini if inachukua mistari mitano." Na? Kwani kila mstari unaukatia bundles?

if lipa; then
  andika
else
  lipa_tena
fi

Hapa andika ikifeli, else haiguswi. (Kulipa tena bila kuangalia kama malipo ya kwanza yalifika ni ujinga mwingine, hiyo tutapigania siku nyingine.)

ShellCheck ni ya bure, na ina onyo la huu mtindo kabisa, namba SC2015. Pitisha mstari wako huko kwanza, ndio uje kunibishia.