Wanaume wa Kagera, tumbo halitibiwi dukani
Na Koku Rwegasira

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha hesabu ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo waliowapokea katika miaka mitano. Kwa kila mwanamke mmoja kulikuwa na karibu wanaume watatu. Zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo sisi wa Bukoba na Muleba tumo katika hesabu hiyo.

Tumezoea kusema baba zetu wanaponzwa na sigara na gongo. Sigara ina lawama yake, sikatai. Lakini duniani kote wanaume huugua saratani hii takriban mara mbili ya wanawake, na sigara peke yake haitoshi kueleza pengo hilo. Ndiyo maana watafiti wamegeukia homoni.

Seli zetu zina protini ziitwazo vipokezi. Homoni ikifika, kipokezi huinasa, na seli hupata amri ya kukua, kutulia au kufa. Vipo vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, na vya androjeni, homoni za kiume. Wanaume na wanawake wote wanavyo vyote. Estrojeni inaelekea kuukinga ukuta wa tumbo dhidi ya madhara ya bakteria Helicobacter pylori, ambaye tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani linamtambua kuwa chanzo cha saratani. Nchini Sweden, wanaume wenye saratani ya tezi dume, ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kwa estrojeni, walionekana kupata saratani ya tumbo kwa nadra zaidi. Kwa wanawake, kinga hiyo hufifia hedhi ikishakoma, kwa hiyo mama zetu wazee nao wasijione wamesalimika.

Asitokee mtu akauza vidonge vya homoni kwa habari hii! Katika saratani ya matiti, kupima vipokezi vya homoni huamua dawa ya mgonjwa. Kwa tumbo hatujafika huko, na estrojeni kwa mwanaume inaweza kugandisha damu kwenye mishipa.

Kinachoniuma ni hiki. Mkulima wa Nshamba au Kamachumu huanza kuungua kifuani na tumboni, anaambiwa ni vidonda vya tumbo, ananunua omeprazole, anapata nafuu, ananunua tena. Dawa hiyo huweza kutuliza maumivu hata ya saratani changa, na miezi ikapita. Anapoanza kukonda, kutapika na kupata choo cheusi kama lami, ndipo familia inauza shamba na kupanda meli ya Mwanza.

Naomba uongozi wa mkoa uhakikishe kipimo cha kamera ya tumboni kinapatikana kila siku ya kazi, kwa bei ambayo mwenye kahawa na migomba michache anaimudu. Na wewe baba uliyevuka miaka 40, ambaye tumbo limekusumbua zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali wiki hii, umwombe daktari akupime H. pylori na umuulize kama unahitaji kamera.