Tusikie Ukumbi, Si Kelele

Iko tabia moja iliyoingia majumbani mwetu, nami naona wakati umefika tuizungumze. Mtu akinunua mtambo wa muziki, jambo la kwanza analotaka kujua ni mtambo huo unapiga kwa nguvu kiasi gani. Akiona muziki hauna ladha, huongeza sauti. Ladha isipopatikana, huongeza besi. Besi isipofaa, hurudi dukani akanunua mtambo mkubwa zaidi. Mwisho wa safari hiyo ladha haikupatikana, na jirani amekosa usingizi.

Mimi pia nilikuwa katika msafara huo, kwa hivyo sisemi haya kwa kumcheka mtu. Kwetu ni Mombasa, Mji wa Kale, lakini riziki ilinileta bara, na sasa ni miaka mingi naishi Embulbul, huku Kajiado, njiani baina ya Karen na Ngong. Ni mahali pazuri, pana upepo wa vilima vya Ngong, na mwezi wa Julai pana baridi ambayo mtu wa pwani haizoei. Nyumba tunazokaa zimebanana: ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, na paa ni la mabati. Jioni nikitamani kwetu huweka taarabu. Na kwa kuwa taarabu ile ilisikika kama imefungiwa ndani ya sanduku, nikawa naongeza sauti.

Usiku mmoja jirani yangu, mzee wa Kimaasai mwenye heshima zake, alibisha hodi akaniuliza kwa upole, "Ustadh, leo ni harusi ya nani?"

Niliona haya. Haki ya jirani ni katika mambo ya mwanzo tunayofundishwa chuoni, na mimi nilikuwa nakumbushwa mlangoni kwangu na mzee asiyepata kukaa chuo hicho. Lakini swali lake lilinifungua macho pia. Kwa kweli nilikuwa naitafuta harusi. Nilikuwa naitafuta mahali isipokuwapo.

Aliyewahi kukaa katika taarabu ya harusi anajua kwamba sauti haitoki mbele peke yake. Mwimbaji yuko jukwaani, udi na fidla ziko kando yake, dumbaki iko nyuma yao. Lakini vigelegele vinatoka kushoto, makofi yanatoka kulia, mtu anapita kwenda kutuza, watoto wanakimbizana nyuma ya viti, na sauti zote hizo zinagonga kuta na kurudi. Maulidi nayo ni vivyo hivyo. Matari yanapolia kule Lamu, penye Msikiti wa Riyadha, msikilizaji yumo katikati ya sauti. Sikio hupokea kwanza sauti inayokuja moja kwa moja, kisha hupokea zile zilizogonga ukuta zikachelewa kidogo, na kwa hizi za pili ndipo mtu anapojua kama yumo chumbani, ukumbini au uwanjani. Spika mbili zilizowekwa mbele yetu huzitupa sauti zote hizo upande mmoja.

Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani David Hafler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Dynaco, alieneza njia ya kuongeza spika ya nyuma bila ya kununua amplifaya nyingine. Amplifaya ya stirio ina matundu mawili kwa kila upande, jekundu na jeusi. Spika za mbele hubaki kama zilivyo. Spika ya tatu huwekwa nyuma ya msikilizaji. Waya wake mmoja hufungwa katika tundu jekundu la kushoto, na wa pili katika tundu jekundu la kulia. Meusi hayaguswi.

Spika hiyo haipigi kitu kilicho sawa pande zote mbili, kwa sababu nguvu zikilingana huku na huku hakuna kinachopita katikati. Hupiga tofauti peke yake. Na kwa kuwa mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa kulia na kushoto, sauti yake hufifia kule nyuma. Hubakia mwangwi wa ukumbi, makofi, na ala zilizokaa pembeni. Mwaka 1982 kampuni ya Dolby ilileta majumbani njia yake ya sauti za filamu, nayo ilijengwa juu ya msingi huo huo.

Haraka haraka haina baraka, basi nitoe tahadhari. Kwanza, njia hii inafaa tu kwa amplifaya ambayo matundu yake meusi mawili yameungana ndani. Redio nyingi za gari na mitambo mingi midogo ya siku hizi haikuundwa hivyo, na kuifunga spika namna hii kwaweza kuiunguza. Fundi na apime kabla ya kufunga waya wowote, mtambo ukiwa umezimwa. Pili, spika ya nyuma huongeza mzigo. Iwe ya omu 8 au zaidi, na bora zaidi ni mbili za omu 8 zilizofungwa kwa mfuatano, maana jumla yake huwa omu 16.

Tatu, iwe mbali nawe kuliko zile za mbele, na sauti yake iwe ya chini. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja huichelewesha kwa karibu sehemu tatu za elfu za sekunde. Nalo sikio, kama alivyoonyesha Mjerumani Helmut Haas mwaka 1949, huamini kwamba sauti inatoka kule ilikotangulia kufika. Ukiisikia spika ya nyuma waziwazi, ujue imezidi. Yatakiwa uitambue pale tu inapozimwa.

Wako watakaosema kuna mitambo yenye kitufe cha "ukumbi", mtu anabonya na kazi imekwisha. Naijua. Mitambo hiyo hubuni mwangwi wake yenyewe, ikamtia mwimbaji wa Lamu katika ukumbi ambao hakuukanyaga maishani mwake.

Nilipomaliza kufunga waya nilianza na Mtindo wa Mombasa, ya Zein Musical Party, iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1990. Marehemu Zein l'Abdin alibaki mbele na udi wake, nacho chumba changu kikapanuka. Kisha nikaweka nyimbo za kale, na spika ya nyuma ikanyamaza. Halikuwa kosa la waya. Tangu zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, mpaka santuri nyingi za pwani za miaka ya 1950, rekodi hizo ni za mono: kulia na kushoto ni kitu kimoja. Tofauti haipo, isipokuwa mikwaruzo. Hapo nikajifunza jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu ya leo: mtambo hauwezi kurudisha kisichohifadhiwa.

Mwisho nilitia kaseti moja ya nyumbani. Mwaka 1986, katika harusi ya dada yangu, redio kaseti yetu ya stirio yenye maikrofoni mbili iliwekwa juu ya kiti mbele ya jukwaa. Kaseti hii sote tuliidharau kwa sababu ya makelele yake. Nikakaa kitini, sauti ya chini hata jirani asingejua kama kuna kinachopigwa. Wimbo ulipokuwa ukimalizika, vigelegele vikanijia kutoka ubavuni na nyuma, pamoja na mvumo wa utepe kama mvua ya mbali. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Mpeni bibi kiti, amesimama tangu saa ile."

Ilikuwa sauti ya mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ametutoka tangu mwaka 2003. Kaseti ile niliisikiliza mara nyingi kabla ya hapo, na maneno yale sikupata kuyasikia, kwa kuwa yalifunikwa na mwimbaji na ala zilizokuwa katikati. Yalipopunguzwa yale ya katikati, yeye aliyekaa pembeni na wenziwe akasikika. Nilimpigia simu dada yangu nikamweka karibu na spika. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kaka, usiipige tena mpaka tutoe nakala."

Dada yangu alisema kweli, na sasa naligeuza neno lake liwe letu sote. Kaseti hizi zimo makabatini kote pwani, na utepe unazeeka. Wengi wetu tukitaka kuzihifadhi huiweka simu mbele ya redio tukarekodi, kisha tukatumiana kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa kufanya hivyo tunazifanya pande mbili kuwa moja, na kilichokuwa pembeni kinapotea milele. Nakala itolewe kwa waya, kutoka tundu la sauti la mtambo hadi kompyuta, pande zote mbili, na ile kaseti ya asili isitupwe.

Neno la pili ni kwa wanaorekodi harusi leo. Wengi huchukua waya kutoka mtambo wa jukwaani peke yake, wakapata mwimbaji na kinanda, safi kabisa, na hakuna mtu ukumbini. Wekeni maikrofoni mbili mbele ya watu, moja kulia na moja kushoto. Harusi ni watu. Baada ya miaka 30 wimbo huenda ukapatikana popote; sauti ya shangazi anayeagiza kiti haipatikani popote. Lakini shughuli za kina mama zina sitara yake: kinachorekodiwa huko ni amana ya wenyewe, kisitembezwe mitaani.

Najua wako wasomaji wasiozipenda ala za muziki, nami sikuja hapa kutoa fatwa. Lakini hata wao wana kaseti za darsa, za maulidi na za visomo vya wazee waliotangulia mbele ya haki. Maneno haya yanawahusu vilevile.

Yule mzee jirani yangu bado hunitembelea. Hukaa katika kiti changu, hunywa chai ya tangawizi, na mara ya kwanza makofi yalipolia aligeuka kutazama nyuma. Siku hizi hanilalamikii kelele, na mimi sijawahi kuisikia harusi vizuri kama hivi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mitambo mipya itatoka kila mwaka, mwenye fedha atainunua. Kaseti ile iliyo chini ya kabati haina nyingine. Itafute leo, uitolee nakala, kisha ndipo ufikirie spika.