Kabla ya kuchangia ukumbi, tuitizame Arusha

Kamati kadhaa za misikiti hapa visiwani sku hizi zinazungumzia kujenga ukumbi. Tunataka pahala pa walima, semina na mashindano ya Qur-ani, tusilazimike kukodi hoteli ambayo chumba cha pili kinauza pombe. Nia ni njema. Ila ukumbi una gharama zake hata ukikaa mtupu.

Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC, kinaishi katika majengo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwanzo. Jumuiya ilivunjika 1977, na mwaka uliofuata Serikali ikaunda shirika la kuyaendesha. Ukumbi wake wa Simba unachukua watu zaidi ya 1,000, na mji wa kadiri ile haupati mkutano wa namna hiyo kila wiki. Basi sehemu kubwa ya majengo ni ofisi za kupangisha, na shirika lina nyumba za kukodisha mjini. Kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2015, mpangaji wake mkubwa alikuwa Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda. Mikutano huleta jina. Kodi ndiyo inayoleta mshahara wa mlinzi.

Wazee wetu hawakuhitaji kwenda Arusha kulijua hili. Ndani ya Mji Mkongwe zipo nyumba za wakfu, leo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, zilizowekwa ili kodi yake ihudumie misikiti. Ukumbi wetu nao uwekewe maduka ubavuni tangu siku ya ramani.

Upande wa sheria, fedha zilizochangwa kwa ajili ya msikiti hazihamishiwi ukumbi bila ya idhini ya waliozitoa. Zaka haijengi ukumbi, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi. Eneo lililokwishawekwa wakfu kuwa msikiti halikodishwi kwa harusi, hata kama ni baraza la nyuma lisilotumika. Kukodisha ukumbi kwa jambo la halali kunajuzu, na mkataba ukataze pombe kwa maandishi. (Na kina mama wapewe mlango wao na pahala pa kutawadha, si kona iliyopazwa shuka.)

Kamati ikikubishia hodi na daftari la michango, iulize: umeme wa Ramadhani, mwezi usio na harusi, utalipwa na nani?