"Haina risasi": maneno ambayo hayatakuokoa

Ndugu yangu, dada yangu, muulize mtu bunduki yenye risasi ni ipi, atakucheka. Lakini mbele ya hakimu, swali hilo limefunga watu na kuwaokoa wengine.

Twende California, 1967. Vijana weusi wa Black Panther, chama kilichoanzishwa Oakland mwaka 1966, walikuwa wakifuata magari ya polisi mitaani wakiangalia wanavyokamata watu. Bunduki walibeba waziwazi, na sheria iliwaruhusu. Huey Newton alikuwa ameisoma hiyo sheria vizuri. Alijua kwamba ndani ya gari, bunduki ndefu ilihesabiwa ina risasi pale tu risasi ilipokuwa kwenye chemba, tayari kufyatuliwa. Zikiwa magazini peke yake, hakuna kosa.

Wakubwa walifanya nini? Walibadilisha sheria. Mbunge Don Mulford alileta mswada. Mwezi wa Mei Panthers wakaingia bungeni Sacramento na bunduki zao kuupinga (picha zake umeziona). Julai, gavana Ronald Reagan akautia sahihi. Kubeba bunduki yenye risasi hadharani mjini kukawa kosa, na maana yenyewe ikapanuliwa: risasi ikiwa ndani ya bunduki au imeshikamana nayo kwa namna yoyote, hata magazini, basi hiyo ina risasi. Ubishi haukuisha. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya huko ililetewa kesi ya risasi zilizofichwa kwenye kitako cha bunduki. Ikasema haziwezi kufyatuliwa zikiwa pale, kwa hivyo bunduki haikuwa na risasi.

Sasa rudi kwetu, maana wengi sheria tumeisomea kwenye sinema za Marekani. Sheria yetu ya Silaha, Cap 114, haikupi mwanya huo. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa, iwe na risasi au iwe tupu. Kuwa na risasi bila cheti ni kosa pia, hata moja, hata kama hujawahi kushika bunduki maishani. Kwa hivyo jamaa akikuambia "niwekee tu hii, haina kitu ndani", amekuachia kesi.

Na ukishikwa, usianze kujieleza ati ilikuwa tupu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeishia wikendi.