Filamu za ardhi yetu zirudi kwetu kwanza

Ndugu msomaji, na wewe unayesomewa habari hii chini ya turubai la kambi, leo niache kidogo habari za mapigano. Nataka tusemezane juu ya sinema.

Kaskazini mwa Italia kuna mji mdogo unaoitwa Rovereto. Mwaka 1990 jumba la makumbusho la mji huo lilianzisha tamasha la kimataifa la filamu za akiolojia, yaani elimu ya kufukua na kusoma mabaki ya watu wa kale. Watu hukaa gizani, hutazama wachimbaji wakipangusa mifupa na vyungu, na watazamaji wenyewe huchagua filamu ya kupewa tuzo. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni huu: filamu ya namna hiyo ikichukuliwa katika ardhi ya watu, wenye ardhi wanaiona lini? Wao ndio hubeba udongo, hupika chakula cha wachimbaji, huonyesha njia. Kisha kamera inaondoka, filamu inapigiwa makofi mbali, na mara nyingi mno kijijini hairudi hata nakala moja.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua pale Ishango, mto Semliki unapotoka ziwa Edouard, akapata kipande cha mfupa chenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na wataalamu wangali wanabishana kama ile mikato ni hesabu. Mfupa huo unakaa Brussels. Chini zaidi mtoni, pale Katanda, wachimbaji wengine walikuta ncha za mikuki ya kuvulia samaki, zenye meno, zilizochongwa kwa mfupa. Walizikadiria kuwa na miaka kama 90,000. Karibu nazo kulikuwa na mifupa ya kambare wakubwa. Mpe mvuvi wa Kyavinyonge picha ya ncha hizo: hatahitaji profesa wa kumweleza kazi yake. Lakini ni wavuvi wangapi waliwahi kuonyeshwa?

Najua nitakavyojibiwa: watu wana njaa, wewe unatuletea sinema? Ndiyo, unga kwanza. Hema kwanza. Lakini vita hivi vinalishwa pia na hadithi za zamani. Kila upande una mtu wake wa kusema nani alifika kwanza, nani ni mgeni, nani arudi alikotoka. Kijana anapewa bunduki juu ya hadithi ambayo hakuna aliyemwonyesha ushahidi wake. Ncha ya Katanda haina kabila. Aliyeichonga hakuwa wa kabila lolote kati ya haya tunayouana juu yake. Majina haya yote yalikuwa hayajazaliwa. Sisemi filamu itanyamazisha bunduki. Nasema uongo juu ya zamani unanenepa pale ukweli ulipofungiwa mbali.

Watu wa Rovereto wanapaswa kutuelewa upesi. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika mlangoni mwao mwaka 1915, raia walitolewa majumbani, wakapelekwa mbali, wengi wakaishi kambini. Baada ya vita, shaba ya mizinga ya mataifa yaliyopigana iliyeyushwa ikawa kengele kubwa, ambayo hulia mara 100 kila jioni kwa kuwakumbuka waliokufa. Mji huo unajua kukimbia ni nini, na unajua kukumbuka ni nini.

Basi nadai mambo matatu kwa matamasha yote ya aina hii. Kwanza, filamu isipokelewe kabla wenyeji wa mahali ilipochukuliwa hawajaiona. Pili, iwe na sauti ya lugha yao: kwetu Kiswahili na Kinande, ili hata redio ya mtaa iweze kuirusha bila picha. Tatu, nakala ibaki shuleni bure, pamoja na ruhusa ya kuionyesha. Na ninyi wakubwa wetu mnaopiga muhuri kwenye karatasi za ruhusa, yaandikeni masharti hayo kabla ya kupiga muhuri. Mkinyamaza, msiwalaumu wazungu peke yao.

Hatuombi jumba la sinema. Shuka nyeupe, jenereta ndogo na mashine ya kuonyeshea vinatosha. Mtoto aliyezaliwa kambini anaambiwa kila siku kwamba hana kwao. Akae mbele usiku mmoja, aone mto Semliki, aone mkono wa mtu wa zamani sana ukitafuta samaki kama baba yake. Kesho yake akiambiwa ni mgeni, atakuwa na la kujibu.